DENI NA SHERIA YA UFILISI: MFANYAKAZI AJUE HAKI YAKE



Watu wanaofika katika ofisi ya tawi letu siku za soko hapa Ikonge hawaji tena kuuliza habari za nyongeza ya mshahara peke yake. Wengi huja na bahasha ya karatasi za madeni. Mmoja anadaiwa na benki, na tena na ushirika wa akiba na mikopo, na tena na simu yake ya mkononi. Mwingine alichukua mkopo kulipa hospitali, akachukua wa pili kulipa wa kwanza, na sasa ule wa tatu unakula mshahara kabla haujafika nyumbani. Wapo pia wenye maduka na vinu vya kusaga, ambao zamani walikuwa wafanyakazi wenzetu, nao wamefungiwa mlango na madalali. Na wapo wale ambao tajiri wao ndiye aliyeshindwa kulipa madeni, wakaachwa na miezi mitatu au minne ya mshahara usiolipwa.

Neno "kufilisika" katika vijiji vyetu ni neno la aibu. Husemwa kwa sauti ya chini, kama mtu asemaye habari ya mwizi. Kwa sababu ya aibu hiyo, wenzetu wengi huuza shamba kwa bei ya kutupa, au hutoroka usiku wakaenda kujificha Nairobi, kabla hata ya kuuliza kama sheria ina msaada wowote. Msaada upo. Si mkubwa kama tungependa, wala hautolewi bure, lakini upo, nasi twaona ni kazi ya gazeti hili kuueleza.

Mpaka mwaka wa 2015 nchi yetu ilitumia sheria ya ufilisi iliyoandikwa wakati wa ukoloni. Katika sheria ile aliyetangazwa kuwa mufilisi aliweza kubaki hivyo miaka mingi, mpaka aende tena Mahakamani kuomba afunguliwe. Mwaka huo wa 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Ufilisi mpya, ambayo ilichukua mengi kutoka Uingereza kwa upande wa makampuni, na mengi kutoka New Zealand kwa upande wa mtu binafsi. Shabaha yake ni kwamba mtu au kampuni iliyoanguka ipewe nafasi ya kusimama tena ikiwa nafasi hiyo ipo, na ikiwa haipo, mali igawanywe kwa haki.

Tuanze na mtu binafsi. Sheria hii imemwekea mdeni njia nne, nasi tumegundua kwamba wanachama wengi huijua moja tu, ile ya mwisho, yaani kufilisiwa.

Njia ambayo yafaa zaidi kujulikana na mtu wa mshahara mdogo ni ile ya asiye na mali. Mtu ambaye jumla ya madeni yake haipungui shilingi 100,000 wala haizidi shilingi 400,000, na ambaye hana mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa hata kidogo, aweza kupeleka maombi kwa Mpokezi Rasmi, yaani ofisi ya Serikali inayosimamia mambo ya waliofilisika. Akikubaliwa, wadai hawaruhusiwi kuendelea kumdai madeni yaliyoingizwa katika mpango huo, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Lakini njia hii hupitwa mara moja tu maishani. Tena aliyeficha mali, kwa mfano aliyeandikisha pikipiki yake kwa jina la shemeji wiki moja kabla ya kuomba, atakataliwa, na aweza kushtakiwa. Twasema jambo hili waziwazi kwa sababu tumeshaulizwa swali hilo la shemeji zaidi ya mara moja.

Njia ya pili ni amri ya kulipa kwa awamu. Hii ni ya mtu mwenye kipato lakini kisichotosha kulipa wadai wote kwa pamoja. Mpokezi Rasmi hutazama mshahara, hutazama gharama za nyumba, halafu huamuru deni lilipwe kidogo kidogo, kwa kawaida kwa muda wa miaka 3. Wakati huo wadai hawana ruhusa ya kumfuata kila mmoja na dalali wake. Kwetu sisi hii ndiyo inayofanana na maisha ya mfanyakazi, na twashangaa kuona jinsi isivyotumika.

Ya tatu ni mapatano ya hiari. Mdeni hutoa pendekezo lake la namna ya kulipa, Mahakama Kuu hutoa amri ya muda ya kuwazuia wadai, kisha wadai huitwa mkutanoni kupiga kura. Hii inahitaji mtaalamu wa kuisimamia na malipo yake si haba, kwa hivyo humfaa zaidi mwenye duka au mwenye magari kuliko mchuma chai.

Ya nne ndiyo kufilisiwa. Mdai ambaye deni lake halipungui shilingi 250,000 aweza kumpa mdeni hati ya kudai, na siku 21 zikipita bila deni kulipwa wala hati kupingwa, aweza kwenda Mahakamani kuomba mdeni atangazwe mufilisi. Hata mdeni mwenyewe aweza kuomba. Hapo mali yake huwekwa mikononi mwa msimamizi, ikauzwa, na fedha zikagawanywa. Lakini havuliwi nguo. Sheria humwachia vyombo vya nyumbani vinavyohitajika, mavazi, na zana za kazi yake kwa kiasi kilichowekwa. Naye hufunguliwa baada ya miaka 3 tangu siku alipowasilisha maelezo kamili ya mali na madeni yake, ila Mahakama ikiona sababu ya kumzuia. Hesabu hiyo haianzi siku alipotangazwa. Huanza siku ya maelezo, na yule anayeendelea kukaa na fomu nyumbani kwa kuwa anaona haya kuijaza anajiongezea kifungo mwenyewe.

Akiwa mufilisi hawezi kusafiri nje ya nchi bila ruhusa, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya Mahakama, wala kugombea Ubunge au kiti katika Bunge la Kaunti. (Twajua wapo wanachama ambao hili la mwisho ndilo litakalowaumiza kuliko mengine yote.) Na yapo madeni yasiyofutwa na ufilisi: deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutiki, wala fedha za matunzo ya watoto zilizoamriwa na Mahakama.

Mwenye rehani naye ni habari nyingine. Ikiwa hati ya shamba iko benki, ufilisi hauirudishi. Benki hubaki na haki yake juu ya shamba lile. Lakini hata benki ina njia ya kufuata. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila idhini ya mke au mume. Mdeni aliyeshindwa kulipa hupewa ilani ya kurekebisha, kisha ilani nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya shamba kuuzwa, na dalali naye hutoa siku zake 45. Mama mmoja akiona tangazo limebandikwa sokoni juu ya shamba analoishi, naye hakutia sahihi popote, asikae akilia. Aende kwa wakili siku hiyo hiyo.

Sheria ya Mabenki nayo ina kifungu ambacho kimeanza kutumika tangu mwaka wa 2007, nacho hakijulikani kabisa na watu wetu. Mkopo ukisha kuharibika, yaani ukiacha kulipwa, riba inayoongezwa haiwezi kupita kiasi cha deni lenyewe kilichobaki siku ile ulipoharibika. Kama ulibaki na shilingi 80,000, benki haiwezi kukudai zaidi ya 160,000, pamoja na gharama za kulifuata deni. Ikiletwa barua ya 300,000, iletwe ofisini tuisome pamoja.

Madalali wamezoea kuwatisha watu kwa habari ya jela. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai haimruhusu hakimu kumfunga mdeni kwa sababu ya ufukara. Lazima ionekane kwamba anao uwezo wa kulipa naye anakataa, au anaficha mali, au anataka kutoroka. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi, ikasema kumfunga mtu kwa deni la mkataba alilokosa uwezo wa kulipa kunapingana na mapatano ya kimataifa ambayo Kenya imeyakubali. Hata hivyo wapo watu wanaofungwa, na wengi wao ni wale waliopata hati ya kuitwa Mahakamani wakaificha chini ya godoro. Asiyefika mbele ya hakimu kueleza umaskini wake, hakimu ataujuaje? Wala dalali hana ruhusa ya kubeba sufuria, kitanda na matandiko, wala zana ambazo fundi anahitaji kwa kazi yake. Vitu vingine akishaviandika, lazima angoje siku 7 kabla ya kuviuza.

Sasa twaja kwa wale wanaoitwa mashailoki. Hawa hawana benki wala bango. Hukopesha shilingi 5,000 siku ya Jumatatu wakataka 7,000 mwisho wa mwezi, na dhamana yao ni kadi ya benki ya mfanyakazi pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia, shailoki ndiye anayesimama kwenye mashine. Tumeona kadi za wenzetu zimefungwa kwa mpira kama karata. Kitambulisho cha taifa pia huwekwa rehani, jambo ambalo halina msingi wowote katika sheria, kwani kitambulisho si ng'ombe. Mwanachama aliye katika hali hiyo aende benki yake abadilishe kadi na namba ya siri, kisha aje tuandike deni halisi aliloshika mkononi na kile alicholipa mpaka leo. Mara nyingi huonekana kwamba deni lilikwisha lipwa mara mbili.

Wakopeshaji wa simu nao walikuwa wakipigia simu wazee wetu, walimu wa watoto na hata mapadre, wakitangaza kwamba fulani hataki kulipa. Tangu kanuni za mwaka wa 2022, mkopeshaji wa namna hiyo ni lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na amekatazwa kutumia vitisho, matusi, na majina yaliyomo katika simu ya mdeni. Malalamiko hupelekwa Benki Kuu.

Na kabla ya kumlaumu mkopeshaji peke yake, tutazame karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja ni lazima imfikie mfanyakazi. Sisi tumeona karatasi ambazo mtu aliyefanya kazi siku 26 amechukua nyumbani shilingi 900. Mwajiri anayekubali makato kama hayo amevunja sheria, hata kama mfanyakazi mwenyewe alitia sahihi, na tunataka kuziona karatasi hizo.

Habari ya pili, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi kama chama, ni pale anayeanguka anapokuwa tajiri.

Wazee wa hapa wanakumbuka pareto. Milima ya Kisii na Nyamira ilikuwa nyeupe kwa maua hayo, na Kenya ilikuwa ikiuzia dunia sehemu kubwa ya pareto yote. Kisha malipo ya Bodi yakaanza kuchelewa kwa miezi, halafu kwa miaka. Wakulima walingoja na vitabu vyao vya mauzo, kila mmoja peke yake, mpaka wakang'oa mimea wakapanda chai na majani ya ng'ombe. Wadai walikuwa maelfu, lakini walikuwa wametawanyika, na mdai aliyetawanyika haalikwi mezani.

Tazameni na habari za miaka ya karibuni. Mwezi wa Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka Nakumatt, iliyokuwa na maduka makubwa katika Kenya na nchi jirani, chini ya msimamizi. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Matumaini yalikuwa kwamba itafufuka, lakini Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Uchumi, ambayo ilianguka mwaka wa 2006 ikasimama tena, ilianguka mara ya pili, na mwezi wa Machi 2020 wadai wake wakakubali mapatano ya hiari wapokee sehemu tu ya haki yao. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa mikononi mwa mpokezi wa benki mwezi wa Septemba 2019, na tangu hapo kesi zimefuatana kama mabehewa. Mwaka wa 2022 Mahakama ilimwondoa msimamizi mmoja ikamweka mwingine. Wafanyakazi na wakulima wa miwa walikuwa nje ya mlango muda wote huo.

Yafaa basi kujua maana ya maneno yanayotumika. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, haijafa. Imewekewa kinga ili atafutwe mnunuzi au mpango. Wakati wa kinga hiyo hakuna anayeweza kuishtaki au kuendelea na kesi bila ruhusa ya msimamizi au ya Mahakama. Wengi wameshangaa kuona kesi yao ya mshahara imesimama ghafla wakadhani hakimu amehongwa. Siyo. Kampuni ikiingia mikononi mwa mfilisi, hapo ndipo imekufa, na mali yake inauzwa na kugawanywa.

Katika kugawanya, mwenye rehani juu ya ardhi au jengo hutolewa haki yake katika mali ile. Katika mali nyingine hulipwa kwanza gharama za mfilisi. Wa pili ni wafanyakazi. Mbele ya Serikali na kodi zake, mbele ya waliouza bidhaa kwa mkopo, wapo wafanyakazi. Haki hiyo hujumlisha mshahara wa miezi 4 kabla ya ufilisi kuanza, malipo ya likizo, fidia ya kupunguzwa kazini, na fedha ambazo tajiri alizikata katika mishahara lakini hakuzipeleka zilikotakiwa kwenda, kama vile michango ya ushirika na ada ya chama. Ila kuna mpaka: kila mfanyakazi hupata nafasi hiyo ya mbele kwa shilingi 200,000 tu.

Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa shilingi 32,000 kwa mwezi, amefanya kazi miaka 10, na hajalipwa miezi 4. Mshahara anaodai ni shilingi 128,000. Sheria ya Ajira inampa anayepunguzwa kazini malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, yaani kama nusu ya mwezi, kwa hiyo fidia yake ni shilingi 160,000. Jumla ni shilingi 288,000. Atasimama mbele kwa shilingi 200,000, na zile 88,000 zitakwenda nyuma kungoja pamoja na wadai wa kawaida, ambao mara nyingi hupata senti kwa shilingi au wasipate kitu. Twaamini mpaka huo ni mdogo. Uliwekwa mwaka wa 2015, na bei ya unga haikubaki mwaka wa 2015. Chama chetu kitaendelea kudai upandishwe.

Msomaji mwangalifu ameona jambo lingine: ni miezi 4 tu. Wafanyakazi wanaovumilia miezi 9 bila mshahara kwa kuwa tajiri amewaambia "ngojeni kidogo, mambo yatakuwa mazuri", wameipoteza nafasi ya mbele kwa miezi 5 kati ya hiyo. Uvumilivu wao umekuwa mkopo usio na riba kwa tajiri, na usio na dhamana. Kwa hiyo twaomba matawi yote: mwezi wa pili ukipita bila mshahara, habari ifike kwa Katibu na kwa Afisa wa Kazi kwa maandishi, wala isingojwe iive. Tajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu ya hali mbaya anatakiwa kutoa ilani ya mwezi mmoja kwa chama na kwa Afisa wa Kazi, wala hasamehewi kwa kusema kwamba anadaiwa. Sheria ya Ajira, katika sehemu inayohusu waajiri waliofilisika, imeweka pia njia ya mfanyakazi kumwandikia Waziri kuomba alipwe baadhi ya haki zake, naye aweza kuandikiwa na mwakilishi wake.

Mfilisi hamjui mtu kwa uso. Hujua karatasi. Kila mdai hutakiwa kujaza uthibitisho wa deni na kuupeleka kabla ya siku iliyotangazwa, na chama chaweza kuwasaidia wanachama kuandaa karatasi zao kwa pamoja. Kwa ajili hiyo kila mwanachama aweke mahali pakavu barua yake ya kuajiriwa, karatasi za mshahara za mwaka mzima, hesabu yake ya NSSF, na barua yoyote ya kusimamishwa au kupunguzwa. Wale wenye madeni yao wenyewe walete mkataba wa kila mkopo, taarifa ya benki ya miezi 6, ujumbe wa simu unaoonyesha kiasi kilichokopwa na kilicholipwa, na hati yoyote ya Mahakama hata kama tarehe yake imepita. Mahakama Kuu ina kituo Kisii na kingine Nyamira. Ofisi ya Mpokezi Rasmi iko Nairobi, na fomu zake Katibu atasaidia kuzipata na kuzijaza. Wenye hati zilizo na tarehe ya mwezi huu waje kwanza, wasingoje siku ya soko.